Monita Inalia, Mgonjwa Anakutazama: Kutafuta Chanzo cha Mapigo ya Moyo Yasiyo ya Kawaida

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, zamu ya usiku inakaribia kuisha, monita ya kitanda namba nne ikaanza kupiga kelele. Kwenye skrini mawimbi mapana yanafukuzana, na juu yake maandishi mekundu: VT, yaani mbio hatari zinazoanzia kwenye ventrikali, vyumba vya chini vya moyo. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili akalikimbilia toroli la dharura. Nilipofika kitandani nikamkuta mzee ameegemea mto, macho kayafumba, mkono wa kulia juu ya kifua, anavuta tasbihi punje kwa punje. Kila punje ikipita, kidole gumba kinaisukuma elektrodi iliyo chini ya mtulinga. Akafumbua macho, akamwona binti kasimama na pedo mbili za defibrileta mikononi. "Mjukuu wangu," akamuuliza, "hizo pasi ni za kunyoosha nini?"

Kukimbia hakukuwa kosa. VT ya kweli haisubiri. Alichoruka ni hatua moja ya sekunde tano: kumwangalia mtu. Tangu siku hiyo kila kundi jipya ninalifundisha kwa mpangilio uleule, mgonjwa kwanza, kisha waya, kisha ndipo mdundo wenyewe, na mwongozo huu unafuata njia hiyo.

Kabla ya kusoma mdundo wowote

Shika mkono wa mgonjwa kabla hujashika kitufe cha kunyamazisha kengele. Msalimie, muulize jina. Mtu anayekujibu kwa sentensi nzima hana fibrilesheni ya ventrikali (ventrikali zinatetemeka tu bila kusukuma damu), hata skrini iseme nini. Kisha tafuta dalili nne za hatari: sistoli (namba ya juu ya presha) chini ya 90, fahamu zilizopungua au kuzimia, maumivu ya kifua, na kuhema kwa shida huku mapafu yamejaa maji. Ikiwepo hata moja, na mdundo ndio unaoonekana kuileta, ita msaada papo hapo. Weka kanula mshipani, sogeza defibrileta (mashine ya kupiga moyo shoti), toa oksijeni kama kiwango kimeshuka. Dozi nitakazozitaja ni za watu wazima na hutolewa kwa agizo la daktari au mwongozo wa kituo chako. Nazitaja ili daktari akisema, wewe uwe tayari unajua unachokivuta kwenye bomba la sindano.

Karatasi ya ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, kwa kawaida hutembea milimita 25 kwa sekunde. Mraba mdogo ni sekunde 0.04, mraba mkubwa ni 0.2. Kila pigo huchora wimbi dogo la P (umeme wa atria, vyumba vya juu vya moyo), kisha ncha ya QRS (umeme wa ventrikali, R ikiwa kilele chake), kisha wimbi la T (ventrikali zikijiandaa upya). Mdundo ukiwa umepangika, gawanya 300 kwa idadi ya miraba mikubwa kati ya R na R: miraba minne ni mapigo 75. Usipopangika, hesabu QRS za sekunde kumi, zidisha kwa sita. Umbali wa PR (mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS) uwe kati ya sekunde 0.12 na 0.20, na QRS isifike 0.12, yaani miraba midogo mitatu. Basi. Herufi hizi P, Q, R, S, T alizitoa Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924, na hadi leo hakuna aliyeona haja ya kuzibadili.

"Skrini imevurugika lakini mgonjwa mzima"

Hili ndilo tatizo utakalokutana nalo kuliko yote, na ndilo vitabu vinalipa kurasa chache kuliko yote.

Tafuta ncha za QRS halisi ndani ya vurugu. Kwenye karatasi ya yule mzee zilionekana wazi ukizitafuta: vijiti vyembamba vinapenya katikati ya mawimbi mapana, umbali sawasawa, 76 kwa dakika. Oksimita ya kidoleni nayo ilikuwa inachora vilima vyake vya taratibu, 76. Moyo ulioingia VT kweli hauwezi kuendelea kupeleka kidoleni mapigo 76 yaliyotulia kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mstari ukiwa mnene, una meno madogo yaliyolingana, hesabu meno ndani ya mraba mmoja mkubwa. Yakiwa kumi, huo ni umeme wa ukutani, kwa kuwa umeme wetu ni hezi 50. Chomoa chaja ya simu iliyolala kwenye godoro, sogeza feni, tenganisha kitanda na ukuta wenye soketi. Mstari ukipanda na kushuka taratibu kama ngalawa kwenye maji, huko ni kupumua au elektrodi iliyolegea. Futa jasho, kausha ngozi kwa gozi, nyoa nywele, bandika elektrodi mpya. Pakiti ya elektrodi ikikaa wazi wiki nzima jeli hukauka, na elektrodi kavu itakuonyesha magonjwa ambayo hayamo hata kwenye mtaala.

Mgonjwa wa malaria anayetetemeka kwa baridi anaweza kukuchorea mstari unaofanana na fibrilesheni ya atria, yaani atria zinazotetemeka ovyo. Mfunike, subiri atulie, rudia. Kama lidi ya I (lidi ni pembe moja ya kuutazama moyo kwenye karatasi) imepinduka chini juu, P na QRS zote, na lidi ya aVR imesimama wima, karibu kila mara waya za mikono zimebadilishana. Na ukikuta mapigo 38 kwa kijana anayecheka na wenzake, tazama pembeni ya karatasi: huenda mtu aliiacha mashine kwenye kasi ya milimita 50.

"Yanakimbia, yamepangika, QRS nyembamba"

Swali la kwanza: yameanzaje? Yaliyopanda polepole, 100, 112, 125, yana wimbi la P mbele ya kila QRS, yanashuka kidogo mgonjwa akitulia, ni takikadia ya sainasi, mdundo wa kawaida uliokwenda kasi. Huo si ugonjwa wa moyo. Moyo unalalamika kwa niaba ya kiungo kingine. Tafuta homa (kila nyuzi moja ya Selsiasi huongeza mapigo kama kumi hivi), maumivu, upungufu wa maji, upungufu wa damu, upungufu wa oksijeni, tezi la shingo linalofanya kazi kupita kiasi, hofu. Kuyapunguza mapigo hayo kwa dawa bila kutafuta chanzo ni kumkata mtu ulimi kwa sababu anapiga yowe.

Wodi ya wazazi ndiko hili linakoua. Mama aliyejifungua, mapigo 118, presha 108 kwa 70, anasema amechoka tu. Presha yake inaonekana nzuri kwa sababu mwili kijana unabana mishipa hadi dakika za mwisho. Gawanya mapigo kwa sistoli: 118 kwa 108 ni 1.09. Kwa mzazi, 0.9 na kuendelea ni ishara ya kuita msaada. Funua shuka, kanda mji wa mimba, angalia damu imeloa mpaka wapi, na usisahau kuangalia chini ya mgongo.

Mapigo yaliyoruka ghafla hadi 180, yakang'ang'ania palepale bila kupanda wala kushuka, na P haionekani, ni SVT, yaani mbio zinazoanzia juu ya ventrikali. Mgonjwa atakwambia saa kamili yalipoanza: "Nilikuwa nainama kuokota ndoo." Kama hana dalili za hatari, anza na kupuliza. Mpe bomba la sindano la mililita 10, akiwa amekaa nusu, apulize sekunde 15 kama anataka kusogeza pistoni. Kisha mlaze chali haraka na umwinulie miguu nyuzi 45 kwa sekunde 15. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba njia hii ya kulaza na kuinua miguu ilirudisha mdundo kwa asilimia 43 ya wagonjwa, dhidi ya 17 kwa kupuliza peke yake. Haihitaji chochote ambacho zahanati haina.

Isipofaulu, daktari ataomba adenosini, miligramu 6. Dawa hii hudumu kwenye damu sekunde chache tu, hivyo kanula iwe kubwa, kwenye kiwiko, na mililita 20 za salaini zisukumwe papo hapo nyuma yake. Uliza kama ana pumu. Na mwambie mapema kwamba kwa sekunde kadhaa atajisikia kama anakufa, kisha itapita; asipoambiwa, hatakuamini tena. Washa karatasi kabla ya kusukuma. Kama kilichokuwa kimejificha ni flata ya atria (atria zinazokimbia kwa mpangilio), ile inayopenda kukaa 150 bila kutikisika, utayaona meno ya msumeno yakijitokeza pale QRS zinapopungua.

"Hayana mpangilio wowote"

Pigo moja likija mapema mara mojamoja, kisha kimya kifupi, halafu mdundo unaendelea, hilo ni pigo la ziada. Angalia potasiamu na oksijeni, uliza kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, andika yanatokea mara ngapi.

Lakini kama R na R hazilingani popote na hakuna P, hiyo ni fibrilesheni ya atria. Kwenye vitabu vya Ulaya mgonjwa wake ni mzee wa miaka 75. Kwetu mara nyingi ni binti wa miaka 28 ambaye utotoni aliumwa koo, bakteria wa streptokoka wakamwachia homa ya baridi yabisi, na valvu ya maitrali, mlango kati ya atria na ventrikali ya kushoto, ikakakamaa. Damu inajazana nyuma ya valvu, atria ya kushoto inatanuka, umeme ndani yake unavurugika. Tena mara nyingi anakuja mjamzito, kwa sababu mimba huongeza damu mwilini na valvu iliyobana haiwezi kuipitisha. Moyo ukikimbia, muda wa damu kupita kwenye mlango huo mwembamba unapungua, mapafu yanajaa. Kwa hiyo mjamzito anayekohoa usiku na kulala kwa mito mitatu, sikiliza kifua chake kabla hujamwandikia dawa ya kikohozi.

Hapa kuna kazi ya wauguzi wawili na saa moja ya mkononi. Mmoja aweke stetoskopu kifuani upande wa kushoto chini ya titi, mwingine ashike kifundo cha mkono. Anzeni pamoja, dakika nzima, si sekunde 15 mara nne. Niliwahi kuwasimamia wanafunzi wawili, mmoja akatoa 132, mwenzake 94, wakaanza kubishana nani hajui kuhesabu. Wote walikuwa sahihi. Yale 38 ya tofauti ni mapigo ambayo moyo ulijikunja kabla haujajaa, damu haikufika mkononi. Ndiyo maana namba ya oksimita haikutoshi kwa mgonjwa huyu, na mashine ya presha ya kujiendesha nayo humpa majibu yanayorukaruka. Pima kwa mkono, rudia mara mbili tatu.

Hatari yake kubwa ni damu kuganda kwenye atria na kwenda kichwani. Mgonjwa huyu akiamka mdomo umepinda au mkono umelegea, hicho ni kiharusi. Mwenye valvu ya maitrali iliyobana hupewa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na utafiti mkubwa wa mwaka 2022 kwa wagonjwa wa moyo wa baridi yabisi ulionyesha kwamba dawa za kundi hilo ziliwafaa kuliko rivaroksabani, ya kundi jipya zaidi. INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, itunzwe kati ya 2 na 3. Usimkataze mchicha, kisamvu wala matembele, ingawa vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya warfarini. Ale kiasi kilekile kila wiki. Akiacha kabisa kisha akarudia kwa pupa kijijini, INR itayumba nayo.

Akiwa kwenye digoksini, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, sikiliza moyo dakika nzima kabla ya kila dozi. Yakiwa chini ya 60, zuia dozi na mjulishe daktari. Kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kuona rangi ya njano au kijani pembeni ya vitu: hizo ni dalili za dozi iliyozidi, na hujitokeza upesi kwa anayemeza pia Lasix, dawa ya kukojosha, inayomwaga potasiamu kwenye mkojo.

"Yanakwenda polepole"

Mchezaji mpira aliyelala usingizi ana mapigo 46 na hana shida. Mwache alale.

Mwenye dalili ndiye wa kushughulikia, na hapa jambo la maana kuliko karatasi ni kilichomleta. Kijana wa bodaboda aliyegonga kichwa, mapigo yanashuka huku presha inapanda na kupumua kunakwenda ovyo: shinikizo la kichwani linaminya ubongo, na atropini, dawa ya kuharakisha moyo, haitamsaidia. Mkulima aliyeletwa na ndugu akitoka mate na machozi, jasho limemlowesha, mboni ndogo kama ncha ya sindano, kifua kinakoroma: hiyo ni sumu ya dawa ya wadudu. Vaa glovu, mvue nguo, mwoshe, na andaa atropini nyingi kuliko ulivyozoea, kwa sababu dozi huongezwa maradufu kila dakika chache hadi kifua kikauke. Wengine wanatoka kwenye vidonge vya presha vya kundi la beta, au potasiamu iliyopanda, au tezi iliyolala.

Kisha tazama P na QRS zinavyohusiana. Ichukulie nodi ya AV, kituo kinachopitisha umeme kutoka atria kwenda ventrikali, kama mlinzi wa geti. Bloku daraja la kwanza, anachelewa kila mara lakini anafungua. Daraja la pili aina ya kwanza, anazidi kuchelewa, anazidi, kisha anamwacha mmoja nje, anaanza upya. Mara nyingi huyu anavumilika. Aina ya pili, anafungua vizuri, vizuri, halafu ghafla anakataa bila dalili yoyote, na huyu ndiye wa kumwogopa kwa sababu siku moja atakataa wote. Daraja la tatu geti limefungwa: P zinakwenda zao, QRS zinakwenda zao, na ventrikali zinajiendesha kwa mapigo 20 hadi 40. Mtego ni kwamba P na QRS zikikaribiana kwa bahati utadhani zinahusiana. Chukua kipande cha karatasi, weka alama kwenye P mbili, kisafirishe kando ya mstari. Kipande hakidanganyi.

Kwa bradikadia (mapigo ya polepole) yenye dalili, atropini miligramu 1 kwenye mshipa, kurudiwa kila dakika 3 hadi 5, jumla isizidi miligramu 3. Aina ya pili na daraja la tatu huwa hazisikii atropini; wakati unaisukuma, mtu mwingine awe anabandika pedi za kuendesha moyo kwa nje au anaandaa dripu ya adrenalini. Suluhisho la kudumu ni betri ya moyo, na kwa Tanzania njia ya rufaa huelekea Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

"Yanakimbia na QRS ni pana"

Ichukulie kuwa VT mpaka mwenye ujuzi akuthibitishie vinginevyo. Hana mapigo ya shingoni: hiyo ni dharura ya sehemu inayofuata. Anayo lakini ana dalili za hatari: shoti iliyolinganishwa na QRS, baada ya dawa ya kumlegeza. Anayo na ametulia: amiodaroni, dawa ya kurekebisha mdundo, miligramu 150 kwa dakika kumi, ichanganywe kwenye dekstrosi asilimia 5.

Ikiwa mawimbi yanajipinda, yanakua na kusinyaa kama utepe unaozungushwa, ni ile aliyoieleza Mfaransa François Dessertenne mwaka 1966, tosadi (torsades de pointes). Fungua faili, angalia dawa zinazorefusha QT (muda tangu mwanzo wa QRS hadi mwisho wa T): kwinini ya mshipa, haloperidoli, erithromaisini, bedakwilini ya kifua kikuu sugu. Uliza kuhara. Dawa yake ni magnesiamu salfeti gramu 2, ileile ya kifafa cha mimba. Kama chupa ni ya asilimia 50, hiyo ni mililita 4. Wodini kwenu ikikosekana, mtume mtu wodi ya wazazi akimbie.

Halafu kuna pana ambayo haikimbii sana, na hii imenifunza unyenyekevu. Mgonjwa wa figo aliyekosa dayalisisi mbili kwa sababu ya nauli, anasema miguu imekufa ganzi na haina nguvu. Monita inaandika 140, lakini mkononi nahesabu 70. Mara mbili kamili. Monita ilikuwa inahesabu wimbi la T kama QRS, kwa kuwa T ilikuwa imesimama juu, nyembamba, yenye ncha kama hema. Ndivyo potasiamu inavyopanda: T inachongoka, P inalala na kupotea, QRS inatanuka, mwishowe vyote vinaungana kuwa wimbi moja la kuviringika, na baada ya hapo moyo husimama. Usisubiri maabara ikiwa karatasi inasema hivyo. Kalsiamu glukoneti asilimia 10, mililita 10 hadi 30 taratibu, hulinda moyo ndani ya dakika chache, lakini haipunguzi potasiamu hata kidogo. Insulini yuniti 10 pamoja na glukosi gramu 25 huisukuma ndani ya seli. Salbutamoli ya mvuke husaidia. Pima sukari kila nusu saa. Na ikiwa potasiamu imerudi 6.8 kwa mtu mzima wa afya mwenye ECG safi, jiulize kama damu ilivutwa kwa taabu, mkono umefungwa dakika tano na ngumi inafunguliwa na kufumbwa. Chembe zilizopasuka humwaga potasiamu yao kwenye chupa.

"Hakuna mapigo"

Shingoni, sekunde kumi zisizidi. Huna uhakika? Hayapo. Anza kukandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6.

Mdundo unaopigwa shoti ni fibrilesheni ya ventrikali na VT isiyo na mapigo: jouli 120 hadi 200 kwa mashine za kisasa, 360 kwa zile za zamani. Mashine ikigoma kutoa shoti ilhali imechaji, tazama kitufe cha SYNC. Kikiwa kimewashwa, mashine inasubiri QRS ambayo kwenye fibrilesheni haipo, na itasubiri mpaka kesho. Kizime.

Mstari bapa haupigwi shoti. Mikono ikiwa bado iko kifuani, mwingine akague waya, aongeze ukubwa wa mawimbi kwenye monita, abadili lidi. Mstari mnyoofu kama rula mara nyingi ni waya uliochomoka, kwani asistoli ya kweli, moyo uliosimama bila umeme, huyumba kidogo. Na ukiona mdundo mzuri kabisa kwenye skrini bila mapigo mwilini, umeme upo, damu haiendi. Adrenalini miligramu 1 kila dakika 3 hadi 5, na wakati huohuo mtafute mwizi: damu au maji yaliyopotea, oksijeni, potasiamu, baridi, sumu, hewa iliyobana pafu, maji yanayozunguka moyo, damu iliyoganda.

Karatasi yenyewe

Chapisha mstari kabla ya dawa, wakati wa dawa na baada yake. Andika kwa kalamu jina, namba ya faili, tarehe, saa, presha, na mgonjwa alikuwa anafanya nini. Kwenye ile ya mzee wangu niliandika "anavuta tasbihi". Karatasi za ECG nyingi ni za joto: zikikaa juani au zikibandikwa selotepu, maandishi hufifia, na baada ya miezi michache kliniki ya moyo hupokea kipande cheupe. Toa fotokopi siku hiyohiyo, uiweke kwenye faili.